Barua ya Tushratta na Masomo ya Kihurri

Kijana aliyezaliwa katika vilima vya Nyarusange mkoani Gitega, au katika Nyarusange ile nyingine ya upande wa Muyinga, akiondoka kwao kwenda kutafuta elimu ya juu ughaibuni, aghalabu hutarajiwa arudi na udaktari, au uhandisi, au sheria, au walau ualimu. Na siku atakapoandika nyumbani kwamba amejiandikisha kusoma Kihurri, lugha ya watu waliotoweka zamani za Mafarao, jamaa zake watakuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyemroga. Sura hii nimeikusudia kuwajibu jamaa hao, si kwa kuwapa ahadi ya mshahara mnono, maana mshahara katika elimu hii ni haba na wanaoupata ni wachache, bali kwa kuwaeleza ni kitu gani hasa anachokisoma mtoto wao, husomwa kwa njia gani, na kwa nini yeye, aliyenyonya Kirundi na kukulia sokoni pamoja na Kiswahili, haingii katika darasa hilo mikono mitupu kama wanavyodhani.

Kusoma lugha isiyosemwa si jambo geni katika nchi yetu. Mapadri Weupe walifika Mugera, pande hizohizo za Gitega, mwaka 1899, na katika seminari waliyoianzisha pale vijana wa Kirundi walikalishwa na Kilatini miaka na miaka, wakajua kunyambua vitenzi vya Warumi kabla ya kuijua barabara ya kwenda Usumbura. Kadhalika, katika mitaa ya Waswahili ya Gitega na Muyinga, watoto wamekuwa wakihifadhi sura za Kurani kwa Kiarabu cha zama za Mtume, wakizisoma kwa tajwidi njema muda mrefu kabla ya kufahamu maana yake. Tofauti ya Kihurri ni kwamba Kilatini kilibaki na Kanisa lake, na Kiarabu kikabaki na umma wake, ilhali Kihurri hakikubaki na mtu. Hakuna mwalimu aliyekipokea kwa mwalimu wake, wala kamusi iliyorithiwa, wala ukoo uliokificha milimani. Kila neno tulijualo katika lugha hiyo limepatikana kwa kuhojiwa, kama kadhi amhojivyo shahidi asiyetaka kusema.

Wahurri wenyewe hawakuwa watu wadogo. Nchi yao ilikuwa ile iliyo juu ya mito Dijla na Furati, ambayo leo imegawanyika baina ya Iraki, Syria na Uturuki. Mmoja wa miji yao ya kale ni Urkesh, ambao magofu yake yako Tell Mozan, kaskazini mwa Syria, mahali ambapo Giorgio Buccellati na mkewe Marilyn Kelly-Buccellati walianza kupachimba mwaka 1984. Na mtawala mmoja wa mji huo, Tish-atal, katika karne za mwisho za alfu ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alijenga hekalu akaweka katika msingi wake simba wa shaba pamoja na kibao cha jiwe, na juu ya kibao hicho akawaapiza wote watakaothubutu kulibomoa. Simba na kibao vimo katika jumba la Louvre mjini Paris, na laana ile ni miongoni mwa maandishi ya Kihurri ya kale kuliko yote yaliyotufikia. Karne nyingi baadaye, takriban kati ya mwaka 1500 na 1350 kabla ya Isa, ilisimama dola ya Mitanni, iliyotawaliwa na wafalme wa Kihurri, ikashindana na Misri kwa upanga, na kisha, upanga ulipochosha pande zote mbili, ikafunga nayo udugu kwa njia ya ndoa. Binti wa mfalme Artatama aliolewa na Farao Thutmose wa Nne. Gilu-Heba, binti wa Shuttarna, akaolewa na Amenhotep wa Tatu. Na Tushratta, nduguye Gilu-Heba, alipokuwa mfalme, akampeleka binti yake mwenyewe, Tadu-Heba, kwa Farao huyohuyo aliyekwisha kuwa shemeji yake.

Ni ukwe huo uliotupa lugha. Mwaka 1887, huko Tell el-Amarna, kando ya mto Naili, wenyeji waliokuwa wakichimba katika magofu ya mji wa Farao Akhenaten walizikuta nyaraka za serikali yake: vibao vya udongo zaidi ya 350, vimeandikwa kwa mwandiko wa kikabari, yaani alama zilizochapwa kwa ncha ya tete katika udongo mbichi. Karibu vyote vilikuwa vya Kiakadi, lugha ya Babeli, ambayo wafalme wa wakati huo, kuanzia Misri hadi nchi ya Wahiti, waliitumia kuandikiana ijapokuwa wengi wao hawakuzaliwa nayo. Mrundi hahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Wajerumani walipomkabili mfalme wetu Mwezi Gisabo na kuandikiana naye mkataba huko Kiganda mwaka 1903, na walipoifanya Gitega makao ya utawala wao mwaka 1912, Kiswahili kilikuwa lugha ya wakalimani na askari, wala hakikuwa lugha ya mama ya mfalme wala ya kapteni wa Kijerumani. Na hivyo ndivyo Kiakadi kilivyokuwa baina ya Tushratta na Farao. Lakini katika rundo lile kilikuwamo kibao kimoja kikubwa, chenye mistari karibu 500, ambacho kilianza kwa maamkizi machache ya Kiakadi na kisha, bila taarifa, kikageuka kusema lugha ambayo hakuna mtu wa Ulaya wala wa Mashariki aliyeifahamu. Kibao hicho kikapelekwa Berlin, nacho ndicho kitabu cha kwanza na kikuu cha kila mwanafunzi wa Kihurri.

Yaliyomo ndani yake ni mambo ambayo mzee wa Nyarusange angeyafahamu pasipo mfasiri. Mfalme anamwandikia mkwe. Anazungumza habari za bibi arusi na mali aliyofuatana nayo, anawasifu matarishi, Keliya wa upande wake na Mane wa upande wa Misri, anataka warudishwe upesi wasicheleweshwe, na anarudia kwa kila njia kwamba baina yake na ndugu yake pana mapenzi kuliko yale yaliyokuwapo baina ya baba zao. Udugu ule, licha ya maneno yake matamu, ulikuwa na hesabu kali. Tushratta aliahidiwa sanamu za dhahabu tupu; Amenhotep wa Tatu akafa kabla ya kuzipeleka, na mwanawe Akhenaten akapeleka sanamu za mti zilizopakwa dhahabu. Mfalme wa Mitanni hakunyamaza. Aliandika, kwa Kiakadi safari hii, si kwa mfalme mpya peke yake bali pia kwa mama yake, Malkia Tiye, mjane wa marehemu, akimkumbusha kwamba yeye ndiye ajuaye kwa yakini yale aliyokubaliana na mumewe, na kumwomba aseme na mwanawe. Nani kwetu hajaona mambo ya mahari na ukwe yakishindikana barazani kwa wanaume, yakapelekwa uani kwa mama mkwe?

Sasa, mtu husomaje lugha asiyoijua, iliyoandikwa na mtu aliyekufa, pasipo tafsiri? Hapa pana jambo la kustaajabisha kuliko dhahabu yenyewe. Mwandiko wa kikabari Wazungu walikuwa wamekwisha kuujua, hata waliweza kuitamka barua yote kwa sauti wasiielewe. Na waandishi wa zama zile walikuwa na desturi ya kutanguliza alama maalumu kabla ya jina la nchi, na nyingine kabla ya jina la mwanamume, na nyingine kabla ya jina la mungu. Kwa hiyo mtafiti wa kwanza aliyekaa na kibao hicho aliweza, kabla ya kujua neno moja, kuona mahali panapotajwa watu na mahali panapotajwa nchi. Aliona alama ya nchi, kisha jina linalofanana na Misri, na karibu yake neno «omini»; akaliona tena «omini» mahali pengine karibu na nchi nyingine; akakisia kuwa maana yake ni nchi, na kisio hilo halijapinduliwa hata leo. Kisha akazichukua barua nyingine za Tushratta, zile za Kiakadi ambazo maana yake ni wazi, akaziweka kando ya hii. Mwandishi ni yuleyule, mwandikiwa ni yuleyule, shughuli ni ileile. Na mfalme, kama watu wote wa heshima, ana mazoea yake ya maneno. Kila barua hutangaza kwamba yeye hajambo, kisha humsalimu ndugu yake, na wake zake, na watoto wake, na farasi wake, na magari yake ya vita, na wakuu wake, na nchi yake yote. Wanazuoni watatu, Jensen, Brünnow na Sayce, walitoa matunda ya kwanza ya kazi hiyo mwaka 1890, miaka mitatu tu baada ya vibao kufukuliwa, na walichokijua wakati huo kingeenea katika ukurasa mmoja. Lakini ukurasa huo ulikuwa wa haki. Elimu ya Kihurri yote imejengwa juu ya subira ya namna hiyo, ya kulinganisha jamala za mfalme na jamala zake nyingine, na nadhani mtu aliyelelewa katika nyumba ambayo salamu hazikatizwi mpaka ng'ombe nao wameulizwa hali, anazo sababu za kuifurahia.

Tuingie katika nahau yenyewe, maana ndiko mwanafunzi anakotumia usiku wake. Kihurri hujenga neno kwa kuambatanisha vipande, kila kipande na maana yake, kama Kiswahili na Kirundi. Ila sisi vipande vyetu vikubwa tunavitanguliza, nao walivifuatisha nyuma. Mzizi wa kufanya ni «tan». Mfalme akitaka kusema kwamba yeye alifanya jambo husema «tanoshau», ambamo «osh» huonyesha wakati uliopita na «au» huonyesha kuwa mtendaji ni mimi. Anayeweza kulivunja neno «nilikitengeneza» vipandevipande, akaonyesha kila kimoja kina kazi gani, amekwisha kufanya nusu ya mtihani. Walakini pana jambo ambalo halimo katika lugha zetu, nalo ni hili: «sheni» ni ndugu, «sheniffe» ni ndugu yangu, lakini ndugu yangu akiwa amemtendea mwingine jambo, amempa kitu au amemtuma mtu, jina lake hubadilika likawa «sheniffush», na ile «sh» ya mwisho humtangaza kuwa ndiye mtenda. Akiwa amekuja tu, au amekwenda tu, hapewi alama hiyo, bali huwekwa katika daraja moja na yule aliyetumwa au kilichotolewa. Kwa maneno mengine, katika Kihurri mgeni aliyefika na mzigo uliobebwa huvaa vazi moja, na yule aliyebeba huvaa jingine. Mwanafunzi aliyesomeshwa Kifaransa tangu utoto akaambiwa kwamba kiima ni kiima popote kilipo, hulitaabikia jambo hili muda mrefu. Na Mrundi naye hulitaabikia, nisimdanganye.

Bali liko jambo la pili ambalo humtaabisha Mfaransa na Mjerumani, nalo halimtaabishi Mrundi hata kidogo. Tushratta akitaka kusema «ya nchi ya ndugu yangu», haridhiki kusema «ya» mara moja kwa kila mwenye kumiliki, bali huandika «sheniffuwenewe ominiwe»: neno la ndugu yangu, ambalo tayari lina «we» yake ya umilikaji, hupewa «we» ya pili kwa sababu neno linalotegemewa, yaani nchi, nalo limebeba «we». Mmiliki analazimika kuvaa alama ya kile anachokimiliki. Wataalamu wa Ulaya waliona ajabu, wakalitungia istilahi ndefu ya Kijerumani, na vimeandikwa vitabu juu yake. Mtoto wa Nyarusange husema «ingoma y'umwami» kwa ngoma moja ya mfalme na «ingoma z'umwami» zikiwa nyingi, mfalme mwenyewe akiwa mmoja na hajabadilika, na haoni ajabu yoyote katika kumfanya mfalme achukue kielelezo cha ngoma zake. Na sisi katika Kiswahili husema mlango wa nyumba na milango ya nyumba bila kutoka jasho. Mambo haya mawili si kitu kimoja, maana sisi twafuata ngeli nao walifuata uhusiano wa neno katika sentensi, lakini njia ya akili ni jirani, na katika darasa lenye wanafunzi wanane nisingeshangaa kama yule wa kwanza kulishika angekuwa mtu wetu.

Hapo hapo yafaa nitie onyo. Kufanana huku si undugu. Hutokea mara kwa mara mtu mwenye bidii nyingi na kamusi mbili akadai kwamba lugha fulani ya Afrika ilitoka kwa Wahurri, au Wahurri walitoka kwetu, na hoja yake yote ni maneno kumi yanayolingana kwa sauti. Ushahidi wa namna hiyo hupatikana baina ya lugha zozote mbili duniani, na anayeutumia apewe chai na kuagwa kwa upole. Ndugu wa Kihurri anayejulikana kwa yakini ni mmoja, Kiurartu, lugha ya dola iliyotawala pande za ziwa Van, mashariki mwa Uturuki, tangu karne ya tisa mpaka karne ya sita kabla ya Isa. Diakonoff na Starostin walitoa rai mwaka 1986 kwamba zote mbili ni jamaa za lugha za Kaukasi ya mashariki, na rai hiyo haijakubaliwa na wengi.

Mwandiko nao una fumbo lake. Kikabari hakikutungwa kwa ajili ya Kihurri, na kila alama yake ni silabi. Mwandishi wa Mitanni alilazimika kuvaa nguo iliyoshonwa kwa mtu mwingine, na alivaa kwa ustadi. E. A. Speiser, katika sarufi yake iliyotoka mwaka 1941, alieleza kwamba konsonanti ikiandikwa maradufu kati ya vokali mbili ilitamkwa kwa ukavu, kama «t» na «p», na ikiandikwa mara moja ilitamkwa kwa mtetemo, kama «d» na «b». Na kwa alama mbili ambazo Wababeli walizitumia zote kwa sauti ya «u», Wahurri walitenga moja kwa «o» na nyingine kwa «u». Mambo hayo yote yalipatikana kwa kuhesabu maandiko, pasipo sikio. Katika Kirundi twaandika «inda» kwa tumbo na «inda» kwa chawa, na mdomo wetu hauzichanganyi, kwa kuwa sauti hupanda hapa na kushuka pale. Herufi hazisemi lolote. A. E. Meeussen aliipanga taratibu ya kupanda na kushuka huko katika sarufi yake ya Kirundi iliyochapwa Tervuren mwaka 1959, na aliweza kwa sababu alikuwa na watu wa kumsemea. Speiser hakuwa na mtu.

Kwa miaka karibu 100 mambo yalikwenda hivyo, kwa kibao cha Berlin, na orodha za maneno zilizopatikana Ugarit katika pwani ya Syria, na nyimbo za huko zenye alama za muziki ambazo wataalamu hugombana hadi leo namna ya kuziimba, na maelfu ya hati za mashamba na mirathi kutoka Nuzi, karibu na Kirkuk, ambazo ni za Kiakadi lakini zimejaa majina ya Kihurri. Kisha, mwaka 1983 na tena 1985, wachimbaji wa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti katika nchi ya Uturuki, walifukua vibao vilivyogawanywa safu mbili: kushoto Kihurri, kulia Kihiti, ambacho kilikuwa kimekwisha kufahamika. Erich Neu alivichapa kwa ukamilifu mwaka 1996, na maneno mengi yaliyokuwa yakikisiwa yakathibitika, na mengine yakaadhirika. Ndani yake imo habari ya mungu Teshub akiudai mji wa Ebla uwaachie huru watu waliotekwa; lakini kinachopendeza zaidi kwa mtu wa kwetu ni ngano zilizofuatana nayo. Mlima mmoja unamfukuza paa aliyekuwa akilisha juu yake; paa anahamia mlima mwingine, ananenepa, kisha anaulaani mlima wa kwanza. Mfua shaba anasubu kikombe, anakipamba mpaka kinang'aa, na kikombe kinamlaani aliyekisubu. Baada ya kila kisa msimulizi anafichua fumbo: yule hakuwa paa bali ni mtu aliyekimbia mji wake akapata neema ugenini na kuutakia mabaya mji wa kwao, kile hakikuwa kikombe bali ni mwana aliyemwasi baba yake. Kisha husema kisa hicho kiachwe, na kuanza kingine. Nimewasikia wazee wakipokezana migani jioni nzima kwa utaratibu huohuo, wa kufumba, kufumbua na kuanza upya, na kwa hiyo siamini kwamba kufundisha kwa fumbo kulihitaji kusafirishwa kutoka popote.

Wahiti walitufadhili kwa njia nyingine pia, na hapa nakaribia jambo linalonigusa zaidi. Waliipokea miungu ya Wahurri pamoja na ibada zake, na katika vitabu vyao vya ibada maelekezo huandikwa kwa Kihiti: kuhani ashike hiki, amwage kile, kisha linakuja neno «hurlili», yaani kwa Kihurri, na maneno ya kutamkwa hufuata katika lugha ya asili, yakiwa yamenakiliwa silabi kwa silabi kwa kuwa dua haifai kwa tafsiri. Yawezekana waandishi wengine hawakuelewa walichokinakili, lakini uaminifu wao haupungui thamani kwetu kwa sababu hiyo. Nchini kwetu ngoma za kifalme zilikuwa na patakatifu pake Gishora, si mbali na Gitega, na zilikuwa na walinzi na maneno yake. Muganuro, sikukuu kuu ya mtama na ya ufalme, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 1929, na ufalme wenyewe ukafutwa tarehe 28 Novemba 1966. Ngoma zingali zinapigwa, na UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2014. Lakini maneno ya abanyamabanga, watunza siri za ufalme, yale ya faragha yaliyosemwa wakati wa ibada, hayakuwa na mwandishi wa Hattusa wa kuyachapa katika udongo. F. M. Rodegem alikusanya mengi ya hadharani katika kamusi yake ya 1970 na maandishi yake mengine, na Padre Jean-Baptiste Ntahokaja, mwana wa nchi, aliandika juu ya desturi na sarufi ya Kirundi kwa ujuzi ambao mgeni haupati. Mtu aliyejifunza katika Kihurri namna ya kutoa maana kutoka kipande kilichovunjika, akajua lini kisio ni halali na lini ni ujanja, angekuwa na kazi ya miaka mingi katika vile vilivyosalia hapa, na kazi hiyo haina watu wengi.

Njia ya chuoni ni ndefu, na jamaa waijue. Kihurri hakifundishwi mwaka wa kwanza mahali popote. Mwanafunzi huanza na Kiakadi, mwaka mmoja au miwili, mpaka kikabari kimkae mkononi. Hufuata Kihiti, kwa sababu ya vibao vya Hattusa. Na ndipo hukubaliwa katika darasa la Kihurri, ambalo aghalabu huwa la watu wachache wanaoizunguka meza moja. Würzburg, alikofundisha Gernot Wilhelm, na Chuo Kikuu Huru cha Berlin, walikofanya kazi Volkert Haas na Ilse Wegner, ndiyo majina yatajwayo kwanza. Marekani husomwa Chicago, na Pennsylvania ndiko alikokuwa Speiser. Kitabu cha kuanzia ni utangulizi wa Wegner uliotoka mwaka 2000, nacho ni cha Kijerumani. Faharasa ya maneno ni ya Emmanuel Laroche, ya mwaka 1980, nayo ni ya Kifaransa, na hapo kijana aliyesoma shule za Burundi hupumua kidogo. Kijerumani hakikwepeki. Aliyepata fedha kidogo kabla ya kuondoka asizitie katika suti, azitie katika mwalimu wa Kijerumani.

Kibao chenyewe mwanafunzi asitazamie kukigusa, na jumba la Pergamon mjini Berlin, ambamo makumbusho ya Asia ya Magharibi yamo, lilifungwa kwa matengenezo mwezi wa Oktoba 2023. Hutumia nakala iliyochorwa kwa mkono na Otto Schroeder na kuchapwa mwaka 1915, alama kwa alama, pamoja na nyufa zake. Zoezi la kwanza ambalo mwalimu mwema hutoa ni jepesi kwa sura: mwanafunzi afuate maamkizi kwa kidole, kutoka mstari wa kwanza, akiyasoma kwa Kiakadi alichokwisha kujifunza, mpaka afike mahali ambapo Kiakadi kinakoma, hapo asiruke wala asikisie, bali atafute alama ya nchi na alama ya mwanamume, aandike pembeni majina atakayoyakuta, na aanze kuhesabu ni mara ngapi neno «sheniffe» limetokea, na ni mara ngapi limetokea likiwa na «sh» mwishoni.